Mfuko wa dharura wa umeme na mkaa wa kikundi chetu, Makorora: tathmini ya mwanachama aliyeutumia mara mbili

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 26, wengi wao wakazi wa Makorora na wachache wa Mwanzange na Ngamiani hapa Tanga. Kama vilivyo vikundi vingi vya namna hii nchini, kina mfuko wa jamii uliotengwa na fedha za hisa, ambao ni mfuko wa kuzikana, kuuguzana na kumpokea mtoto anapozaliwa. Kuanzia mzunguko wa mwaka 2024 tuliongeza kipengele kimoja katika katiba yetu, kinachosema kwamba mwanachama aliyezimikiwa umeme au aliyeishiwa nishati ya kupikia kwa sababu ya kukwama kifedha atasaidiwa siku ile ile bila kusubiri kikao. Mwaka huo wa kwanza nilikuwa mjumbe wa kamati inayosimamia kipengele hicho, na mwaka uliofuata nikakitumia mara mbili nikiwa mhitaji, kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu aliyeanza kwa kutoa akaishia kuomba. Sitataja jina la kikundi, kwa kuwa nimekusudia kuyasema na mabaya yake, na wenzangu hawakuniruhusu kuwaanika.

Tunakutana kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, barazani kwa mwenyekiti. Kila mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, kisha hutoa shilingi 1,000 za mfuko wa jamii, na katika kila elfu hiyo shilingi 300 huwekwa kando kwa ajili ya nishati. Wote wakihudhuria, hupatikana shilingi 7,800 kwa wiki. Mhitaji hupewa umeme usiozidi shilingi 10,000, au mkaa au gesi isiyozidi shilingi 8,000, mara tatu tu katika mzunguko mmoja. Halipi riba. Hurejesha katika wiki nane, na akishindwa kabisa kamati ina mamlaka ya kumsamehe nusu ya deni. Fedha ni ndogo, lakini maji ya kifuu bahari ya chungu, na mwaka 2025 chungu nilikuwa mimi.

Mume wangu ni kibarua wa kupakua mizigo. Mwezi Februari mwaka huo gunia lilimwangukia mguuni, akakaa nyumbani wiki tisa, na kibarua asiyefika kazini hana ujira. Mimi ni fundi cherehani. Ramadhani ilipoingia mwezi Machi nilipokea nguo nyingi za Idi, lakini malipo ya awali ya wateja yaliishia kwenye dawa, nyuzi na zipu, na kiasi kinachobaki hulipwa siku mteja anapokuja kuchukua nguo yake. Usiku wa Alhamisi, katika kumi la mwisho, mita ilifika sifuri nikiwa na magauni kumi na moja mezani ambayo hayajatiwa mikono, na nyumba ikazimika papo hapo. Mpwa wangu anayeishi Uingereza aliwahi kunieleza kwamba mita za kulipia kabla za huko zina akiba ndogo ya dharura ambayo mteja huikopa kutoka kwenye mita yenyewe na kuilipa anaponunua tena. LUKU yetu, ambayo kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, imelichukua jina lake kwa uzito wote: pasipo malipo hapana umeme.

Nilimpigia simu katibu baada ya tarawehe. Aliniuliza mambo matatu tu: namba ya mita, kiasi ninachohitaji, na mwezi niliponunua umeme mara ya mwisho. Nilishangaa kwa hilo la tatu, akanijibu kwa utulivu wake wa siku zote, "Mwanangu, sitaki nikakununulia kodi nikidhani nimekununulia umeme." Nitalieleza jambo hilo hapa chini. Mweka hazina alianzisha muamala katika akaunti ya kikundi iliyo kwenye simu, ambayo haitoi hata shilingi moja mpaka mtu wa pili aidhinishe, na mwenyekiti akaidhinisha akiwa kwake. Tarakimu 20 zilinifikia kabla ya saa tano usiku. Nilishona mpaka wakati wa daku. Jumamosi nililipwa magauni manne, na Jumapili nilirejesha shilingi 5,000 za kwanza mbele ya wenzangu.

Ningetakiwa kutaja sifa moja tu ya huduma hii, ningetaja hizo saa mbili zisizotimia. Shilingi zile zile 10,000 zingenifikia siku ya Jumapili zingenikuta nimekwisha kuwarudishia watu vitambaa vyao, na hasara yangu isingekuwa ya giza tena, ingekuwa ya jina langu mtaani. Jambo hili halikuwa rahisi kulipata. Awali fedha zote za kikundi zilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na wanachama watatu wa nyumba tofauti, utaratibu uliowekwa kwa makusudi ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Kwa kulinda hisa, sanduku hilo ni zuri mno. Kwa dharura lilikuwa kikwazo, maana mshika ufunguo mmoja huuza samaki kule Deep Sea na hurudi usiku, na mwingine alikuwa amesafiri kwenda Pangani kwenye arusi siku ile ile bibi mmoja alipohitaji msaada. Kuhamishia sehemu ya mfuko wa nishati kwenye simu, kiasi kisichozidi shilingi 60,000 kwa wakati mmoja, ndiyo hatua iliyoufanya mfuko huu ustahili kuitwa wa dharura.

Sasa nirudi kwenye swali la katibu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu mwaka 2023 hukatwa shilingi 1,500. Mwezi ukipita bila kununua umeme, kodi ya mwezi huo haipotei, bali husubiri manunuzi yajayo. Juu ya hapo, uniti ya mteja wa kawaida wa nyumbani ni shilingi 292 kabla ya makato, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, hufika shilingi 356 na senti kidogo. Kwa hiyo shilingi 5,000 zisizodaiwa kitu huleta uniti 14. Shilingi 5,000 hizo hizo, kwa mtu aliyeshindwa kununua mwezi uliopita na ambaye sasa anadaiwa kodi ya miezi miwili, huleta uniti tano na nusu tu. Anayeathirika zaidi na hesabu hii ni yule hasa aliyekwama, kwa kuwa asiyekwama hununua kila mwezi na wala hahisi kukatwa. Katika miezi yetu ya kwanza tulitoa misaada ya shilingi 5,000 bila kuuliza, tukastaajabu kwa nini watu wanarudi baada ya siku tatu. Siku hizi kamati huweka kiasi cha kodi juu ya kiasi cha umeme, na kodi hiyo mwanachama hairejeshi kama ni mpangaji, kwa kuwa kisheria anayepaswa kuilipa ni mwenye nyumba. Ni uamuzi mdogo, lakini sijasikia kikundi kingine hapa mjini kilichoufikiria.

Mwaka 2024 tulikutana na kizuizi kingine ambacho hakikuhusu fedha kabisa. Mita za LUKU kote nchini zilipaswa kufanyiwa maboresho kabla ya tarehe 24 Novemba mwaka huo, na aliyenunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya mwanzo yakiwa ya kuiboresha mita na la tatu likiwa la umeme wenyewe. Kundi la tatu halikubaliki kabla ya mawili ya mwanzo kuingizwa kwa zamu. Bibi mmoja, mwanachama wetu anayeishi na wajukuu wawili, alitumiwa ujumbe na kamati tukadhani tumemaliza kazi. Alikaa gizani usiku kucha, kwa sababu mjukuu wake alianza na namba za mwisho akaona mita inazikataa, wakaamini kwamba tumewatumia umeme wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo mjumbe wa kamati anayekaa karibu hufika nyumbani kwa mhitaji na kuhakikisha taa imewaka. Desturi hiyo imebaki ingawa maboresho yamekwisha, na kwa maoni yangu inafaa ibaki, hasa kwa wazee.

Eneo ambalo mfuko huu haujafanikiwa ni la wapangaji wa vyumba. EWURA ilipopanga bei zinazotumika tangu Aprili 2016, iliweka kundi la wateja wenye matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Kusudio lake ni kumlinda mwenye kipato cha chini. Lakini mwenye kipato cha chini wa Ngamiani au Makorora mara nyingi haishi peke yake kwenye mita. Hukaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita au vinane vinavyochangia mita moja, na familia sita zenye taa, simu na feni, hata kila moja ikijibana namna gani, huvuka uniti 75 kabla ya mwezi kufika nusu. Matokeo yake mama mwenye taa mbili na redio hununua umeme kwa bei ya karibu mara tatu ya ile iliyokusudiwa kwa ajili yake, wakati mtu mwenye nyumba yake ndogo na mita yake anaweza kuipata.

Jambo hili hutuvuruga kila mara. Mwanachama mmoja anayepanga alipewa umeme wa shilingi 10,000 mwezi Julai, ukaisha siku ya tatu, kwa kuwa jirani yake wa chumba cha mbele anauza barafu na ana friji mbili. Fedha za kikundi zilikuwa zimegandisha barafu za mtu ambaye hatumjui. Kamati iligawanyika: wapo waliosema wapangaji wasipewe umeme kabisa, na tupo tuliosema hiyo itakuwa kuwanyima hasa wale ambao kipengele kiliwekwa kwa ajili yao. Tulichokubaliana, na mimi sikuridhika nacho, ni kwamba mpangaji hulipiwa mchango wake wa chumba tu, usiozidi shilingi 3,000, baada ya wenzake wa nyumba kuthibitisha kwamba nao wametoa yao, na kama hawajatoa huazimwa taa ya sola. Tunazo taa mbili. Taa hiyo humtosha mtoto kusoma na huchaji simu moja, lakini haiendeshi cherehani wala feni, na anayejua joto la Tanga la mwezi Februari hahitaji kuelezwa feni ina maana gani katika chumba chenye dirisha moja.

Mara ya pili niliomba mkaa. Ilikuwa mwezi Mei, masika yamekolea, mume wangu ameanza kurudi kazini lakini kwa siku mbili tu kwa wiki. Nilikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ulikuwa uvunguni tangu Februari, mtupu, kwa kuwa kuujaza kulihitaji zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo na mimi sikuwahi kuziona shilingi 20,000 zikiwa zimekaa pamoja tangu mguu wa mume wangu uumie. Nalisema hili kwa sababu siku hizi yanafanyika mengi mazuri kuhusu nishati safi ya kupikia: serikali ilizindua mkakati wa taifa mwezi Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku sehemu nyingi. Mtungi wa kwanza hausumbui sana. Anayejibana hushindwa na mtungi wa pili, kwa kuwa gesi hudai fedha ya mwezi mzima kwa siku moja, ilhali mkaa hukubali kununuliwa kwa kopo, kila jioni, kwa fedha ya jioni hiyo.

Kopo ni ghali, kila mtu analijua hilo. Ukijumlisha makopo ya gunia moja utapata fedha inayozidi bei ya gunia kwa mbali, na wakati wa masika, mkaa unapoloa na magari yanapokwama njiani, kopo hupungua ujazo huku bei ikibaki pale pale. Hapa ndipo ninapoona huduma yetu ilivyokosea tangu mwanzo: kipengele kiliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria taa, kwa kuwa umeme ukizimika hata jirani anaona, lakini jiko lililolala baridi halionekani na mtu yeyote nje ya nyumba. Katika mwaka wangu wa kamati tulitoa misaada 31 ya umeme na minne tu ya mkaa, na sisadiki hata kidogo kwamba ni nyumba nne pekee zilizokosa mkaa. Waliokosa waliokota vifuu na makumbi, wakachemsha uji mara moja kwa siku, wakanyamaza.

Msaada wa mkaa hutolewa kwa karatasi. Unaandikiwa na katibu, unaipeleka kwa muuza mkaa aliyekubaliana na kikundi, naye anakupimia ndoo nne na kulipwa Jumapili. Mkaa wenyewe ulikuwa mzuri, mkavu, na muuzaji hakunipunja. Lakini nilisimama na karatasi yangu kwenye foleni ya wanunuzi saba, na muuzaji, bila nia mbaya, akaisoma kwa sauti ili kijana wake apime. Nilifika nyumbani na ndoo zangu nne na habari ilikuwa imetangulia. Nimependekeza karatasi hiyo iondolewe, muuzaji apigiwe simu na katibu na mhitaji aende kama mnunuzi mwingine yeyote. Pendekezo lilikubaliwa mwezi Agosti, na waliolitumia wananiambia linafanya kazi.

Kuhusu aibu, kikundi kimejifunza polepole. Mwanzoni majina ya waliosaidiwa yalisomwa kikaoni kila Jumapili kwa hoja ya uwazi wa fedha. Mwenyekiti wetu, mama mkarimu ambaye sina neno baya juu yake, alikuwa akituhimiza tusimame na kueleza shida zetu kwa kusema mficha uchi hazai. Sawa, lakini methali hiyo inamsihi mtu amweleze mkunga. Haikumwambia aeleze kadamnasi ya watu 26, ambao miongoni mwao yumo mkwe, yumo mdeni wake na yumo mwanamke aliyegombana naye kisimani. Siku hizi husomwa idadi na jumla ya fedha tu, na daftari lenye majina hukaguliwa na wakaguzi wawili wanaobadilishwa kila robo mwaka. Uwazi haukupungua, na maombi ya mkaa yaliongezeka kutoka manne hadi kumi na tisa katika mzunguko uliofuata.

Nimejaribu pia njia nyingine, na ni haki kuzilinganisha. Siku za nyuma, kabla ya usiku ule niliompigia katibu, niliwahi kutumia huduma ya kukopa ya simu ambayo hukamilisha muamala pale salio linapopungua. Kwa kasi haina mpinzani. Umeme uliingia katika dakika moja na hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini ada yake ilihesabiwa kila siku, na deni lilijilipa lenyewe kutoka kwenye fedha ya kwanza iliyoingia katika simu yangu. Fedha hiyo ya kwanza ilikuwa shilingi 15,000 alizotuma shemeji yangu kwa ajili ya dawa ya mguu. Zilipofika, sehemu yake ilikuwa imekwisha kukatwa kabla sijauona ujumbe. Sikudanganywa, masharti niliyakubali mwenyewe kwa kubonyeza namba moja, ila mfuko wa kikundi unapokukopesha unajua tofauti kati ya fedha ya magauni na fedha ya dawa.

Wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, sikuwaendea. Jirani yangu aliwaendea kwa ajili ya gesi na kodi ya chumba, akaacha televisheni yake kama dhamana, na mpaka leo televisheni haijarudi. Zipo pia programu za kukopesha kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kwa anayetaka kukopa huko, kuthibitisha leseni kwanza ni jambo la lazima. Vikundi kama chetu navyo vinatambuliwa katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne, na vinatakiwa kusajiliwa. Sisi tumesajiliwa, na cheti kimetundikwa ukutani pale barazani.

Duka la Mpemba wa mtaani kwetu bado ni msaada wa kwanza kwa wengi. Huandika kwenye daftari lake, hutoa mafuta ya taa na viberiti kwa mkopo, na humjua kila mtu kwa tabia yake. Umeme hakopeshi.

Kuhusu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, watu huuliza mara kwa mara kwa nini mtu aliyekwama asielekezwe huko. Mpango wa kunusuru kaya maskini umewafaa jirani zangu wawili na siubezi hata kidogo, lakini kaya hutambuliwa kwanza kupitia mkutano wa mtaa na kuhakikiwa, na malipo hufuata ratiba yake. Ni mpango wa umaskini unaojulikana na mtaa mzima. Mtu aliyekuwa na kazi mwezi uliopita na leo ameumia mguu hayumo katika orodha, na hata angestahili kuingizwa, mita yake haitamsubiri. Vivyo hivyo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: ni mikopo ya shughuli za uzalishaji, si ya kuwasha taa ya nyumba moja usiku huu.

Udhaifu mkubwa wa mfuko wetu, ambao hakuna marekebisho ya utaratibu yanayoweza kuuondoa, ni kwamba sisi sote tunaishi kwa vyanzo vile vile. Wanachama tisa wanategemea vibarua vya mizigo na magari, saba wanauza chakula kwa vibarua hao hao, na sisi mafundi tunawashonea wote. Kazi ikipungua, inapungua kwetu sote kwa wiki moja. Mwezi Januari, ada na sare za shule zilipokuwa zikilipwa, tulipokea maombi 14 katika siku 20, wakati michango ya Jumapili ilikuwa imeshuka kwa sababu wanachama wanane hawakuhudhuria. Mfuko ulifika shilingi 2,300 tarehe 18. Wanachama watano waliambiwa wasubiri, na mmoja wao alikuwa hajawahi kuomba kitu tangu kikundi kianze. Mfuko wa mazishi haukuwahi kutuishia namna hiyo, kwa kuwa watu hawafi kwa msimu. Ukata una msimu wake.

Baada ya hapo mwanachama mmoja kijana alituletea hesabu ambayo imetuchangamsha. Ana jiko la presha la umeme, na alipika maharage mbele yetu akisoma mita kabla na baada: hayakufika hata uniti moja, na hata kwa bei ya juu ya shilingi 356 yalikuwa nafuu kuliko mkaa wa kazi hiyo. Wazee hawakuamini, wakataka yapikwe tena Jumapili iliyofuata, yakapikwa, na safari hii kwa nazi. Sasa kuna hoja ya kununua jiko moja la kikundi litakaloazimwa kwa zamu kwa aliyekosa mkaa, ili msaada wa umeme wa shilingi 3,000 ubebe taa na chungu kwa pamoja. Mimi naiunga mkono, ila nina wasiwasi na nyaya za nyumba nyingi za zamani za huku kwetu, ambazo pasi ya umeme tu huzifanya zitoe harufu. Mimi mwenyewe nimerudia pasi ya mkaa tangu mwaka jana, kwa kuwa katika kazi ya ushonaji pasi hula umeme kuliko cherehani.

Kwa ujumla wa alama, naipa huduma hii saba katika kumi. Inazipata kwa kasi yake, kwa kutotoza riba, kwa lile swali la kodi na kwa mjumbe anayefika mpaka nyumbani. Alama moja imepotea kwa wapangaji, nyingine kwa kuichelewa sana habari ya jikoni, na ya tatu kwa Januari.

Anayeishi karibu na anayetaka kujiunga afahamu kwamba wanachama wapya hupokelewa mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya mgao wa fedha za hisa, ambao kwetu huwa mwezi wa Desemba. Aje na mdhamini ambaye ni mwanachama, kiingilio cha shilingi 5,000, na namba ya mita ya nyumba anayoishi. Mpangaji aje pia na mwenzake mmoja wa nyumba hiyo hiyo, kwa sababu kamati itataka kujua tangu siku ya kwanza ni vyumba vingapi vinachangia mita hiyo na nani kati yao ana friji.